Hakika Peke Yake Haitoshi: Kifo Katika Jumba la Styles

 

Bibi mmoja tajiri, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, anakata roho kitandani kwake kabla ya mapambazuko. Ni mwezi wa Julai, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, katika jumba kubwa la shamba huko Essex, Uingereza. Milango ya chumba chake ilikutwa imekomewa kwa ndani, ikabidi watu wavunje ili wamfikie. Maiti haijapoa, na nyumba nzima imekwisha kumtaja muuaji: ni mume wake wa pili, mtu aliyekuja juzi tu, mdogo kwake kwa miaka 20, mwenye ndevu nyeusi na miwani. Wanamtaja sebuleni, wanamtaja bustanini, wanamtaja jikoni. Na hawakukosea. Ni yeye.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapa limesemwa, na kweli lipo. Kwa hesabu ya kawaida hadithi ingeishia hapo: polisi waitwe, pingu zifungwe, mazishi yafanyike. Lakini anatokea mzee mmoja mfupi, mgeni, mkimbizi wa vita, anawazuia polisi wasimkamate mtu yule. Anafanya hivyo naye akiwa na shaka kubwa juu yake. Leo nataka tuzungumze kwa nini alifanya hivyo, kwa sababu naamini hapo ndipo ilipo thamani ya kitabu hiki, na ya vitabu vingi vya aina yake vilivyofuata.

Kitabu chenyewe kinaitwa The Mysterious Affair at Styles, cha Agatha Christie. Kilitolewa Marekani mwaka 1920, na Uingereza mwanzoni mwa 1921. Nimemtaja muuaji kwa makusudi, na nitaeleza hila yake yote, maana bila hiyo sina la kusema. Kitabu kina umri wa zaidi ya miaka 100. Na ninyi ambao hamjakisoma, msidhani nimewaharibia. Anayemjua muuaji tangu mwanzo ndiye anayeona vizuri jinsi mwandishi alivyoweka kila kitu mbele ya macho yetu, nasi tukapita bila kuona.

Kwanza tumjue mwandishi. Agatha Christie alizaliwa mwaka 1890 mjini Torquay, kwenye pwani ya kusini-magharibi ya Uingereza. Vita ilipoanza mwaka 1914 alijitolea kuuguza majeruhi katika hospitali iliyofunguliwa mjini kwao, kisha akahamishiwa chumba cha dawa. Huko alijifunza kupima, kuchanganya na kutunza dawa, na mwaka 1917 akafaulu mtihani wa wasaidizi wa wafamasia. Siku nyingine kazi ilikuwa kidogo, naye akakaa amezungukwa na makabati ya sumu akifikiri. Dada yake Madge alikuwa amemwambia zamani kwamba hataweza kuandika hadithi ya upelelezi. Mwaka 1916 aliiandika, na sehemu ya mwisho akaimalizia hotelini katika nyika za Dartmoor. Wachapishaji kadhaa waliikataa. John Lane wa kampuni ya Bodley Head alipoikubali, mapato yake ya kwanza yote yalikuwa pauni 25.

Na mpelelezi aliyemuumba? Mwaka 1914 Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji, Wabelgiji wapatao 250,000 walikimbilia Uingereza, na baadhi yao walifika hata Torquay. Christie akamtwaa mmoja wa kubuni katika kundi lile, akamfanya ofisa wa polisi aliyestaafu, akampa jina la Hercule Poirot. Kwa hiyo mpelelezi huyu anaingia katika fasihi akiwa mtu aliyepoteza kwao, anaishi na wenzake katika nyumba ndogo kijijini kwa hisani ya bibi yule yule atakayeuawa. Anapoanza kazi yake, hana cheo wala mshahara. Ana deni la shukrani kwa marehemu, na anataka kulilipa kwa kumtafutia haki.

Sasa tuingie ndani ya jumba la Styles, maana jumba lenyewe ni nusu ya hadithi. Marehemu mzee Cavendish alikuwa na wana wawili wa mke wa kwanza, John na Lawrence. Alipofariki, wosia wake ulimpa mke wa pili, Bibi Emily, haki ya kukaa katika jumba lile maisha yake yote, pamoja na sehemu kubwa ya mapato. John atalipata jumba siku mama huyu wa kambo atakapokufa. Kwa hiyo tuna mwanamume wa miaka 45, mwenye mke, aliyesomea sheria, anayekaa kwa mama wa kambo na kumtegemea kwa fedha. Tuna mdogo wake, aliyesomea udaktari akauacha ili aandike mashairi, naye anategemea mfuko ule ule. Yumo Cynthia, binti yatima aliyelelewa kwa hisani. Yumo Evelyn Howard, mwanamke mwenye sauti nzito na maneno makavu, msaidizi wa bibi kwa miaka mingi. Na sasa ameingia Alfred Inglethorp, mume mpya.

Hatuhitaji kuelezwa sana mambo ya mirathi. Tunajua kinachotokea katika nyumba ambamo riziki ya watu wazima imeshikwa na mkono mmoja. Bibi Emily ni mkarimu, anatoa sana, lakini anataka kila anayepokea akumbuke kwamba amepewa. Ana tabia ya kubadilisha wosia wake mara kwa mara. Kila mmoja katika nyumba ile anampenda kidogo, anamwogopa kidogo, na anapiga hesabu zake kimya kimya. Ndiyo sababu waandishi wa Uingereza wa miaka ya 1920 na 1930 waliyapenda majumba haya kwa hadithi zao. Hawakuvutwa na fahari tu. Jumba la shamba ni mahali ambapo watu wanaotegemeana kwa mali wanalazimika kula meza moja, kulala ukuta kwa ukuta, na kusalimiana kila asubuhi. Mmoja akifa, hakuna asiye na sababu.

Usiku wa kifo, watu wanaamshwa na kelele kutoka chumba cha bibi. Mwili wake unakakamaa na kujipinda kama upinde, unalegea, unakakamaa tena. Hivyo ndivyo striknini inavyoua: inaikaza misuli yote kwa pamoja mpaka mtu anashindwa kuvuta pumzi. Katika mkakamao wa mwisho analitaja jina la mumewe. Mume hayumo nyumbani, amelala kijijini. Kila aliyesikia jina lile aliona kesi imekwisha.

Poirot anapoletwa chumbani asubuhi, hamwulizi mtu nani anadhani ameua. Anaangalia sakafu. Kuna doa la kahawa kwenye zulia, na kikombe kilichopondwapondwa mpaka kikawa unga. Kuna nta ya mshumaa. Kuna uzi wa kijani ulionasa kwenye komeo la mlango mmoja. Kuna kasha la hati lenye ufunguo kwenye kufuli yake. Kuna kijisanduku kitupu cha unga wa usingizi. Na katika meko ya kuotea moto, kwenye majivu, kuna kipande cha karatasi nzito kilichoponea kuungua. Poirot anaanza na moto. Siku iliyotangulia joto lilikuwa nyuzi 80 za Farenhaiti kivulini. Mtu gani anaagiza moto uwashwe chumbani siku ya joto namna ile? Anayetaka kuchoma kitu. Na kipande kile ni mabaki ya wosia.

Tusikimbie hapo, kwa sababu uzuri wa kazi hii uko katika vitu vidogo. Poirot amekwisha kuona mabaki ya udongo katika chumba ambacho bibi alikuwa akiandikia barua zake. Dirishani anaona tuta la maua lililopandwa upya. Anauliza nani aliyepanda, na lini. Wakulima wa bustani, jana alasiri. Basi wakulima waliingia ndani na udongo wa viatu vyao. Kwa nini bibi tajiri awaite wakulima chumbani? Kwa sababu sheria ya Uingereza inataka wosia ushuhudiwe na watu wawili wasiofaidika nao. Kwa hiyo jana alasiri bibi aliandika wosia mpya, na jana hiyo hiyo usiku akauchoma. Katikati ya saa zile chache kuna jambo alilolijua lililomgeuza moyo. Yote hayo yametoka kwenye udongo wa viatu na moto wa mwezi wa Julai. Hakuna mtu aliyemwambia.

Na hapa anaingia Dorcas, mtumishi wa ndani, mama wa makamo aliyelitumikia jumba lile miaka mingi. Katika nyumba kama ile, mtumishi anasikia mengi na kuulizwa machache. Poirot anamwomba aketi, anasema naye kwa adabu, anamsikiliza mpaka mwisho. Dorcas anaeleza kwamba jana saa kumi alasiri alisikia ugomvi nyuma ya mlango: sauti ya bibi ikilaumu, ikitaja udanganyifu na aibu ya mume na mke. Anasema bibi alikuwa akigombana na mumewe, Bwana Inglethorp. Baadaye alimkuta ameshika karatasi mkononi, rangi imempotea.

Ushahidi mzito kweli kweli. Lakini tuupime. Dorcas alisikia maneno; hilo ni kweli, na ameyatunza vizuri. Aliyekuwa akiambiwa maneno yale hakumwona. Jina la Inglethorp ameliongeza yeye, kwa kuwa hampendi, na kwa kuwa maneno ya mume na mke yalielekea kumhusu. Kumbe aliyekuwa ndani ni John, mwana wa kambo, na ugomvi ulihusu mwendo wake na mwanamke mmoja wa jirani. Dorcas si mwongo. Ni mwaminifu kuliko wengi mle ndani. Lakini chuki yake imeziba pengo ambalo masikio yake hayakuweza kuliziba, wala hakujua kwamba kuna kitu ameongeza. Kazi yote ya Poirot ni kutenganisha tabaka hizo mbili: hili ulilisikia, hili ulilidhani. Anaifanya bila kumdharau mama yule.

Sasa tufike kwenye hila. Msaidizi wa duka la dawa kijijini anatoa daftari la duka. Tangu mwaka 1868 sheria ya Uingereza ilidai mnunuzi wa sumu atie sahihi. Siku ya Jumatatu, saa kumi na mbili jioni, mtu mwenye ndevu nyeusi na miwani alinunua striknini, akasema ni ya kumwua mbwa, akatia sahihi ya Alfred Inglethorp. Mnataka nini zaidi? Chuki ya nyumba nzima, jina lililotajwa na mwenye kufa, na sasa sahihi. Katika baraza la kuchunguza kifo, Alfred anaulizwa alikuwa wapi saa ile. Anakataa kusema. Polisi wa London wako tayari kumkamata.

Poirot anawazuia. Anawaonyesha kwamba anaweza kuleta mashahidi wasiopungua watano waliomwona Alfred saa ile ile mahali pengine kabisa, mbali na duka. Aliyenunua sumu hakuwa yeye.

Ndipo tunaanza kuelewa. Alfred alijua tangu mwanzo kwamba ana mashahidi. Alikaa kimya kwa makusudi, kwa sababu alitaka akamatwe. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa kali juu ya jambo hili: mtu akishtakiwa kwa kosa, akaachiwa huru na mahakama, hashtakiwi tena kwa kosa lile lile, hata ushahidi gani ukija baadaye. Kanuni hiyo ilikuja kulegezwa kidogo tu kwa sheria ya mwaka 2003, kwa makosa mazito na ushahidi mpya wenye nguvu. Basi Alfred na mshirika wake walijitengenezea kesi ya uongo dhidi ya Alfred mwenyewe. Mshirika alivaa ndevu za bandia na miwani, akaenda dukani, akaghushi sahihi. Mshirika huyo ni Evelyn Howard, yule yule mwenye maneno makavu, aliyepaza sauti kuliko wote kwamba Alfred ni mwovu. Kumbe ni binamu yake, na ni mpenzi wake wa siri. Mpango ulikuwa akamatwe upesi, apelekwe mahakamani, hapo awalete mashahidi wake, kesi ianguke, naye atoke akiwa tajiri na salama mpaka siku yake ya kufa.

Sumu iliyonunuliwa dukani haikutumika kuua. Ilinunuliwa ili ionekane imenunuliwa. Bibi aliuawa kwa dawa yake mwenyewe. Alikuwa akinywa dawa ya maji ya kuongeza nguvu yenye striknini kidogo, jambo la kawaida kwa madaktari wa zama zile. Alikuwa pia na unga wa bromidi wa kumletea usingizi. Kila kimoja peke yake, kwa kipimo chake, hakikuwa na neno. Lakini ukitia bromidi ndani ya chupa ile, striknini inajitenga na maji, inakuwa chembe ndogo, inazama chini taratibu. Mgonjwa anakunywa dozi siku baada ya siku, na siku chupa inapoisha, dozi ya mwisho inabeba karibu striknini yote. Muuaji hana haja ya kuwapo. Anaweza kuwa kijijini, usingizini.

Christie aliyapata haya katika kazi yake ya chumba cha dawa, na jarida la wafamasia wa Uingereza lilimsifu kwa kuielewa sumu aliyoiandika. Mimi namsifu kwa jingine. Kijisanduku kitupu tulikiona. Chupa ya dawa tulitajiwa. Tuliambiwa kwamba siku ile bibi alimaliza dozi ya mwisho. Cynthia, anayefanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali, tulikutana naye mapema. Msomaji hakufichwa. Alihukumu haraka tu, kama watu wa jumba lile.

Ushahidi wa mwisho unapatikana kwa njia inayonifurahisha sana. Poirot hawezi kuvumilia vitu vikae ovyo. Siku moja rafiki yake Hastings, anayesimulia hadithi, anamkumbusha jinsi alivyokuwa akinyoosha mapambo yaliyo juu ya meko katika chumba cha marehemu. Poirot anashtuka. Asubuhi ile ya kifo alikuwa amekwisha kuyapanga mara moja kabla ya hapo. Kama yalihitaji kupangwa tena, basi kuna mkono uliyagusa katikati. Anakimbia kuangalia, na ndani ya chombo cha vipande vya karatasi vya kuwashia moto anakuta barua ya Alfred kwa Evelyn, imechanwa vipande vitatu, imekunjwa kama vile vingine. Hiyo ndiyo karatasi aliyokuwa ameishika bibi, rangi ikimpotea. Sasa Alfred anaweza kukamatwa, maana sasa kuna kitu cha kuwekwa mezani.

Wasikilizaji, kitabu hiki kina kasoro, na lazima nizitaje. Katikati ya hadithi polisi wanamkamata John, na anasimamishwa kizimbani katika mahakama ya Old Bailey kwa kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Mwishoni Poirot anakiri kwamba angeweza kumsafisha mapema. Anasema kukamatwa kwa John kuliwafanya wauaji wajisahau, lakini anasema pia kwamba aliona kesi ile itamrudisha John kwa mkewe Mary, kwa kuwa ndoa yao ilikuwa inakufa. Hilo silikubali. Mtu asiye na hatia hawekwi karibu na kitanzi ili apatane na mkewe. Kitabu kinachotufundisha subira ya ushahidi hapa kimemtendea mshtakiwa kama karata ya kuchezea.

Kuna pia daktari Bauerstein, mtaalamu wa sumu anayeishi kijijini. John anamtaja kwa dharau kwamba ni Myahudi wa Poland, na Hastings anamshuku kwa wivu na kwa ugeni wake. Vitabu vingi vya upelelezi vya zama zile vilibeba dharau za namna hiyo bila kuzipima. Styles haijasalimika, kwa kuwa daktari yule anaishia kuwa jasusi wa Wajerumani. Lakini mauaji si yake. Na hadithi nzima imewekwa mkononi mwa mgeni mwingine, mwenye lafudhi ya kigeni, ambaye wenyeji wanamwona kichekesho.

Styles ilifungua njia. Mwaka 1922 A. A. Milne alitoa The Red House Mystery, hadithi nyingine ya jumba la shamba. Mwaka 1926 Christie mwenyewe akatoa The Murder of Roger Ackroyd, ambayo mwisho wake unazua mjadala hadi leo. Mwaka 1929 padri Ronald Knox aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi, na mwaka 1930 waandishi wakaunda Detection Club jijini London, G. K. Chesterton akiwa rais wa kwanza. Wanachama walikula kiapo, na msingi wake ulikuwa huu: mpelelezi atumie akili, asipewe jibu kwa ndoto au miujiza, na msomaji asifichwe alama yoyote ya lazima. Kanuni ile ilikuwa na furaha ya mchezo ndani yake, lakini mimi naiona pia ni heshima. Mwandishi anamwambia msomaji: nilichokiona nawe utakiona.

Mwaka 1944 mwandishi wa Marekani Raymond Chandler alivishambulia vitabu hivi. Alikichambua kile cha Milne kipande kwa kipande, akaonyesha kwamba mambo yake yasingewezekana katika nchi yenye polisi na sheria. Alitaka mauaji yarudishwe mitaani, kwa watu wanaoua kwa sababu za kweli. Ana haki kwa sehemu. Watumishi katika majumba haya mara nyingi ni sauti tu, na mashamba yanayoyalisha hayaonekani. Lakini nadhani Chandler hakutazama vya kutosha wasomaji wa kwanza walikuwa nani. Uingereza ilikuwa imetoka kupoteza vijana zaidi ya 700,000. Wengi hawakuwa na kaburi linalojulikana, na hakuna aliyesimama kueleza kwa nini kila mmoja alikufa. Katika vitabu hivi anakufa mtu mmoja, mara nyingi mtu asiyependwa sana, na kila kitu kinasimama mpaka ijulikane nani, vipi na kwa nini. Kwa watu wale hilo halikuwa jambo dogo. Na Christie aliliona jumba lenyewe likipita: katika Curtain, kitabu cha mwisho cha Poirot kilichotolewa mwaka 1975, Styles imekuwa nyumba ya kulala wageni.

Nasi wasomaji wa Kiswahili tuna urithi wetu katika fani hii. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, na rafiki yake Najum, wanafuata zaidi nyayo za Sherlock Holmes kuliko za Poirot. Lakini kazi ni ile ile. Watu wana hakika kwamba mzimu unahusika. Bwana Msa hawatukani watu, wala hashindani na hofu yao. Anaomba kuona, anauliza, anapima. Ukisoma vitabu hivi viwili kwa kufuatana utaona kwamba hakika ya umati, iwe ni juu ya mzimu au juu ya mume mwenye ndevu, ina nguvu moja na udhaifu mmoja.

Udhaifu huo ndio niliotaka tuuzungumze leo. Tumezoea kufikiri kwamba hatari ya kuhukumu haraka ni kumwonea asiye na kosa. Hiyo ni kweli, na inatosha kutufanya tujizuie. Styles inaongeza jambo ambalo mara nyingi tunalisahau: kuhukumu haraka kunamwokoa pia mwenye kosa. Alfred Inglethorp hakuogopa kuchukiwa. Alijenga mpango wake wote juu ya chuki ile. Alijua kwamba watu wanaomchukia hawatachunguza sahihi, hawatauliza Dorcas aliona nini na alidhani nini, hawatatazama udongo wala majivu. Alitegemea wakimbie, naye aponee katika mbio zao. Kilichomshinda ni mtu mmoja aliyekubali kulaumiwa kwamba anamtetea mwovu, mpaka apate kitu cha kuweka mezani.

Katika vikao vya ukoo, misibani, hata katika ujumbe tunaotumiana kwa simu, majina yanatajwa kila siku, na mara nyingine yanayotajwa ni ya kweli. Ukweli huo hautafaa kitu kama aliyedhulumiwa hatapata haki yake, na hataipata kwa kelele zetu. Ataipata pale mtu mmoja atakaposema ngoja, kisha akatumia muda wa kungoja kutafuta. Kusema ngoja na kukaa bure ni kumsaidia mkosaji vilevile. Poirot alingoja huku akifanya kazi.

Kitafuteni kitabu, mkisome taratibu. Mkifika pale polisi wanapozuiwa, simameni kidogo, kila mmoja ajiulize kwa haki kama angekuwa upande wa Poirot au upande wa nyumba nzima.